Ushauri wa Bure wa Muuguzi Luhende

Jumatatu, 5 Juni 1995

Miaka kumi na saba ya uuguzi. Bado daraja la pili! Leo nimesukuma kitoroli cha dawa chenye gurudumu linalolia tangu asubuhi hadi mwisho wa zamu. Matroni hakuona lolote isipokuwa kifungo kilichokatika kwenye koti langu.

Lakini Mungu si Athumani. Saa nne nimenunua andazi, limefungwa katika gazeti la juzi, na chini ya mafuta nikaona tangazo. Kiwanda kipya cha minofu ya samaki kule Ilemela kinatafuta muuguzi mmoja. Si wa kuchoma sindano. Ni wa kufuatilia wafanyakazi wanaougua: nani anaumwa nini, anatibiwa wapi, nani anamwangalia nyumbani, atarudi kazini lini. Hakuna zamu za usiku. Kuna pikipiki!

Nimelikunja tangazo nikalitia mfukoni. Andazi nimelila bila kusikia ladha.

Tatizo ni kwamba gazeti halichapwi nakala moja. Ilipofika saa saba Ngosha wa chumba cha sindano alikuwa analo. Rose mkunga analo. Hata Wilhelmina wa wodi ya wanawake analo, yule asiyesema neno, anayetembea na daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Na kila mtu ana hofu, maana serikali inapunguza watumishi na orodha inangojwa. Wote watatuma maombi. Nafasi ni moja!

Nimewaza njiani hadi Mabatini. Nikapata. Sitashindana nao. Nitawashauri.

Jioni Odeta, mke wangu, alikuwa kwenye cherehani akinieleza habari ndefu za mama yake. Amehama tangu Pasaka, amepata cha kufanya, sijui mwiba, sijui nini. Nimemwambia vizuri sana. Nilikuwa naandika.

Jumanne, 6 Juni

Nimefungua! Benchi la nyuma ya chumba cha dobi, saa ya chai. Nimeandika kwenye boksi la glavu: USHAURI WA KAZI KWA WAUGUZI. BURE. Wamekuja kabla hata sijakaa.

Ngosha alitaka kujua kama kiwanda kinamfaa. Nimetikisa kichwa kwa huzuni, kama tunavyotikisa mbele ya ndugu wa mgonjwa. Nimemwambia mtu wa kipaji chake hawezi kunuka sangara. Afungue duka la dawa baridi huko Magu, siku hizi ni ruksa. Sikumwambia kwamba Magu kuna maduka manne tayari. Ameshukuru sana.

Rose alifuata. Nimemshauri aende hospitali ya misheni visiwani Ukerewe. Hakuna umeme, hakuna magazeti, hakuna matangazo. Nimeyaita hayo utulivu wa kitaaluma. Machozi yakamlengalenga, akasema hakuna mtu aliyewahi kumfikiria hivyo.

Wawili nimeshawaondoa. Nina kipaji.

Alhamisi, 8 Juni

Wilhelmina amekuja na daftari lake. Huyu nilimwandalia dawa kali.

Nikamwambia ukweli mtupu, ili aogope. Nikasema kazi ile ni ya kutembea kwa miguu vichochoroni, pikipiki au pasipo pikipiki. Unakaa na ndugu wa mgonjwa saa nzima kabla hujaambiwa ugonjwa wenyewe. Lazima ujue nani anapika, nani anachota maji, nani amemficha mganga wa kienyeji chumba cha nyuma. Unamsemea mgonjwa kwa daktari, unamsemea daktari kwa mgonjwa, unawasemea wote kwa tajiri, na mwisho wote watatu wanakununia. Na kila kitu unakiandika!

Aliandika yote. Akauliza kama kuna la zaidi. Akafunga daftari, akasema kwa sauti yake ya kanisani kwamba hayo ndiyo anayoyafanya kila siku baada ya zamu, isipokuwa hakujua kwamba yana mshahara. Akanishukuru. Akaenda kutuma maombi!

Loo! Nimekaa benchini mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 10 Juni

Nimenunua kofia ngumu ya pikipiki kwenye mtumba. Nyekundu, na kioo cheusi cha kushusha usoni. Odeta ameuliza pikipiki iko wapi. Nimemjibu kwamba mwenye imani huanza na kofia.

Jumatatu, 12 Juni

Usaili. Tumebaki wawili: mimi na Wilhelmina.

Bwana Ramesh, mwenye kiwanda, ni mtu mfupi, mzaliwa wa hapa hapa, anaongea Kisukuma kuliko mimi. Alituambia kwamba vyeti havimsaidii, maana wafanyakazi wake nao wanamletea vyeti. Wengine wana cheti cha kupumzika wanaonekana uwanjani Kirumba wakishangilia mpira. Wengine wanaumwa kweli, wanaogopa kusema, mpaka wanaletwa na mkokoteni. Anataka mtu wa kumwambia ukweli kuhusu hao wa pili. Hao wa kwanza, alisema, anawajua kwa majina.

Jaribio: kila mmoja apewe mgonjwa mmoja wa kufuatilia wiki hii. Wilhelmina amepata Shimba, mkata minofu aliyejikata kiganja. Mimi nimepata Selina Shigela, mpishi wa wafanyakazi, anaishi Kirumba, mguu, siku ya ishirini na moja bila kuonekana. Bibi fulani tu. Nitamrudisha jikoni kabla ya Ijumaa.

Jumanne, 13 Juni

Nimepeleka barua ya kuacha kazi serikalini! Anayetaka makubwa hangoji orodha. Nimeitaipisha, nikaeleza kwa aya tatu kwamba hospitali imenidumaza. Matroni aliisoma amesimama. Aliuliza mara mbili kama nina uhakika, kisha akapiga muhuri haraka mno, kwa maoni yangu.

Ngosha ameaga. Kweli anaenda Magu. Maskini!

Jumatano, 14 Juni

 Nitaandika polepole.

Saa tatu nilifika Kirumba, kofia kichwani, kioo juu, faili kwapani. Nikauliza kwa Selina Shigela. Watoto wakanionyesha chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Nikapiga hodi moja tu, kama afisa, nikaingia kabla ya kukaribishwa.

Niliuona mguu kwanza. Uko juu ya kigoda, umefunuliwa. Jeraha la mwiba wa sangara chini ya unyayo, limechimbika, dole gumba limeanza kuwa jeusi. Harufu niliifahamu tangu mlangoni. Kwenye dirisha kulikuwa na chupa ya soda tupu, na mgonjwa alikuwa ameanza nyingine. Ugonjwa wa sukari! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua.

Ndipo nikainua macho kumtazama mwenye mguu.

Mama Odeta! Mama mkwe wangu!

Miaka kumi na minne nimeoa. Ng'ombe kumi na wawili nimetoa. Sijawahi kumtazama usoni kwa karibu, kama inavyompasa mkwe mwenye adabu. Nikimwona njiani naingia hata kwenye shamba la watu. Jina lake sikulijua kwa sababu sikutakiwa kulitaja, na usilolitaja huna haja ya kuliuliza. Na leo nimemfumania mguu wazi!

Alipiga yowe akajifunika shuka. Mimi nikarudi kinyumenyume, nikakanyaga sufuria la maharage, nikaanguka nje kwenye pumba. Watu wa mashine wamecheka mpaka wakazima mota.

Nimemuuliza Odeta kwa nini hakuniambia. Akasema ameniambia tangu Pasaka, mara sita. Nikamwambia basi ampeleke mama yake hospitali. Akasema hilo nalo ameniambia: mama amekataa katakata. Mkwe wake anafanya kazi hospitali ile. Hawezi kulala kitandani mkwe wake akipita na kitoroli. Afadhali afe na heshima yake Kirumba.

Kwa hiyo wiki tatu nzima anaoza kwa kuniheshimu mimi.

Alhamisi, 15 Juni

Ripoti ilitakiwa leo. Nimekaa nayo asubuhi nzima.

Nikiandika ukweli, Bwana Ramesh atauliza kwa nini sikumtibu palepale. Nitasema nini? Kwamba mfuatiliaji wa wagonjwa amemkimbia mgonjwa? Pikipiki itaenda kwa Wilhelmina. Na serikalini nimeshatoka.

Nikaandika: mgonjwa ana maendeleo mazuri, jeraha linakauka, anatembea mpaka bombani.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilijua. Dole lile lina siku, halina wiki.   Jioni Odeta alinitazama, akavaa kitenge cha kutokea, akaondoka. Hakusema anakwenda wapi na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza.

Ijumaa, 16 Juni

Siku mbaya kuliko zote. Hata ile ya kuachwa na meli ya Bukoba na mizigo yangu ndani ilikuwa sikukuu.

Bwana Ramesh alifurahishwa na ripoti yangu. Kupita kiasi! Akasema anataka kumwona kwa macho yake huyo mama anayetembea mpaka bombani, maana maharage ya kaimu mpishi yanawaharisha watu. Akanipakia kwenye gari lake. Njiani nikawaza kuruka. Nikaikumbuka kofia, iko magotini.

Mkwe hatakiwi kumwona mkwe. Basi, nisimwone! Tulipofika mlangoni nikavaa kofia, nikashusha kioo cheusi. Bwana Ramesh akashangaa. Nikamwambia ni kinga ya kisasa dhidi ya vijidudu.

Ndani ya kioo kile ilikuwa saa sita ya usiku. Nilikanyaga kitu laini, kikalia, alikuwa kuku. Nikagonga nguzo ya kitanda. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba, kama anavyoona, jeraha linakauka. Kumbe nilikuwa nakielekezea kidole kikapu cha mkaa.

 Nikamsikia Bwana Ramesh akimwamkia mgonjwa kwa Kisukuma, kwa heshima zote, na sauti ikamjibu kutoka chini ya shuka. Akauliza swali fupi. Akajibiwa neno moja. Kisha tajiri mzima akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyezaliwa nasi akakulia nasi na anajua ukwe ni nini. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Halafu akauona mguu. Kicheko kikakatika.

Alinitoa nje kwa mkono. Hakupiga kelele, na ndivyo ilivyouma. Alisema kukimbia mkwe anaelewa, hata yeye ana wakwe. Ningemwambia tu, angenibadilishia mgonjwa kwa dakika moja. Ila ile habari ya bombani, alisema, niliandika nikiwa nimekaa, peke yangu, hakuna mkwe aliyenitazama.

 Nilibaki nimesimama kwenye pumba na kofia yangu.

Na nani anatokea kichochoroni wakati huo huo? Wilhelmina, na daftari, na Odeta nyuma yake! Kumbe jana mke wangu alikwenda kwake. Wilhelmina alikuwa ameshakuja usiku uleule, akapima mkojo kwa kijikaratasi chake, akaosha kidonda, akamwagiza mke wa mwenye mashine apike uji usio na sukari. Kitanda ameshakiomba wodi ya wanawake. Kilichokuwa kimebaki ni mgonjwa mwenyewe, ambaye bado alikuwa anakataa. Kwa ajili yangu.

Odeta akaingia ndani. Nikamsikia akimwambia mama yake kwamba asiogope tena, mkwe wake hafanyi kazi hospitali. Ameacha Jumanne, kwa barua.

Shuka likafunuka. Mama akauliza kama ni kweli. Wilhelmina akathibitisha kwamba ni kweli, na kwamba Matroni amebandika barua yenyewe chumba cha chai ili watu waisome. Mama akasema basi, twendeni.

Jumamosi, 17 Juni

Amelazwa. Wanasema dole huenda likakatwa, mguu wanaupigania.

Orodha ya kupunguzwa imetoka. Nilikuwamo! Jina la tatu. Waliopunguzwa wanapewa kiinua mgongo, na nauli ya kurudi kwao, na Jumamosi ijayo wanachinjiwa mbuzi. Aliyeacha kwa hiari yake hapewi hata mchuzi. Kwa fedha walizookoa za kiinua mgongo changu, wamemfuta mtu mmoja kwenye orodha akabaki kazini. Ni mpishi mmoja wa hospitali anayenichukia.

Sasa naelewa kwa nini Matroni aliuliza mara mbili. Alikuwa ananionea huruma, kwa dakika nzima.

Bwana Ramesh amempa kazi Wilhelmina. Kiganja cha Shimba kimepona, na amemwombea Shimba kazi ya kupima barafu mpaka vidole vikaze. Mambo madogo madogo ya namna hiyo ndiyo yaliyomvutia.

Pikipiki hajui kuendesha. Amesema atatembea.

Jumatatu, 26 Juni

Dole limekatwa. Mguu umeokoka! Nimelia nyuma ya chumba cha dobi, kwenye benchi langu la zamani, na sioni haya kuandika.

Odeta alinivuta kwenda kumsalimia mama. Si ndani, hapana. Nje, chini ya dirisha la wodi, mgongo ukutani. Nikatoa shikamoo kuelekea kwenye kamba za kuanikia. Dirisha likaniitikia marahaba. Mara ya kwanza katika miaka kumi na minne!

Kisha mama akanena, akimwambia Odeta ili nisikie mimi, kama inavyotakiwa. Akasema mwambie mumeo kwamba siku ile alipoingia, yeye alipiga yowe kwa kushtuka tu. Alipojifunika alijifunika kichwa. Alidhani nitatulia. Mkwe ni mkwe na muuguzi ni muuguzi, akasema. Alikuwa amefunika uso ili anipe mguu.

Nikatazama miguu yangu. Kweli, sasa nakumbuka. Shuka lilifunika uso, mguu ulibaki palepale juu ya kigoda, umenyooshwa. Ulikuwa unaningoja. Mimi ndiye niliyekimbia.

Nimetembea kwa miguu mpaka Mabatini. Nimeshika mambo mazito moyoni. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumapili, 2 Julai

Mambo mazito yametulia, nimeyapima kwa utaratibu, na matokeo ni haya.

Moja: Ngosha ameandika kutoka Magu. Yale maduka manne, matatu yamefungwa kwa kukosa muuguzi mwenye cheti. Wateja wanapanga foleni. Ananiita baba. Rose naye, huko Ukerewe wamempa nyumba, na masista watampeleka kusomea ukunga wa juu. Wilhelmina mwenyewe amesema mbele ya watu kwamba hakuna aliyewahi kumweleza kazi ile vizuri kama mimi. Watatu kwa watatu! Ni mshauri gani mwingine Kanda ya Ziwa ana rekodi hiyo?

La pili ni kubwa zaidi. Nani alimfanya mama mkwe akubali kulazwa? Daktari? Wilhelmina? Hapana. Ni barua yangu ya kuacha kazi! Aya tatu, zikaokoa mguu. Nimemweleza Odeta. Alikuwa ana pini mdomoni, hakuweza kunipongeza.

Kwa hiyo nimepaka rangi kibao kipya, cha bati, nje ya nyumba: LUHENDE, MSHAURI WA KAZI KWA WAUGUZI. Kofia nyekundu nimeitundika juu yake ili nionekane kwa mbali.

Na bahati haikawii kwa mwenye kibao. Kazi imemzidi Wilhelmina, kiwanda kinatafuta msaidizi wake. Nafasi ni moja. Tangu asubuhi nimeshawashauri wauguzi watano wasithubutu, na mimi barua yangu iko tayari. Nimesikia hata mgonjwa wa jaribio ameshachaguliwa, mama fulani wa kuosha mapipa, hajaonekana kazini wiki mbili. Jina lake geni kwangu. Huyo nitaingia kwa kishindo!

Odeta amesimama hapa tangu nianze ukurasa huu, ananiambia jambo kuhusu mama yake mdogo, kwamba naye amekuja mjini, sijui amepata kibarua wapi, sijui mgongo. Nimemwambia vizuri sana. Asubiri kidogo, naandika.